Tupeane uzoefu: kupiga picha miamba myekundu mkiwa na familia nzima

Baba Wawili, Donholm

Jamani, shule zinakaribia kufungwa na watoto wangu wameng'ang'ania tena kuona majangwa ya mawe mekundu kama yale ya kwenye runinga. Aliyewahi kupeleka familia mahali kama hapo atuambie: mlifika saa ngapi, picha zilitokaje, wadogo na wazee walistahimili? Naanza mimi.

Sisi tulienda Marafa, kaunti ya Kilifi, lile korongo ambalo Wagiriama huliita Nyari. Tulishuka Mombasa kwa treni ya SGR, na nawasihi mkate tikiti za dirishani. Mkipita Tsavo udongo ni mwekundu hadi ndovu wenyewe wamegeuka rangi kwa kujimwagia vumbi. Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, kisha mnaingia bara.

Mzee aliyetuongoza alikataa katakata kutushusha mchana. Tulikaa kivulini na madafu yetu mpaka saa kumi na nusu. Mchana kuta zilikuwa zimepauka, jua liko utosini, hakuna kivuli wala umbo. Lilipoinama, kila tabaka likajitokeza: nyeupe, waridi, chungwa, halafu wekundu uliokolea. Mzee akawasimulia watoto habari za familia tajiri iliyokuwa ikioga maziwa ya mifugo yake hadi Mungu akaghadhabika, ardhi ikawameza. Weupe ule ni maziwa, wekundu ni damu. Binti yangu alitaka kujua ng'ombe walikuwa na kosa gani. Picha yake akimkazia macho yule mzee, ukuta mwekundu nyuma yao, kwangu inashinda mandhari zote nilizopiga siku hiyo.

Mama Tumaini, Kasarani

Asante Baba Wawili. Wasio na nauli ya pwani, mbuga ya Hell's Gate pale Naivasha ni safari ya kwenda na kurudi. Si jangwa, na mawe yake ni ya volkeno, kwa hiyo msitarajie wekundu wa Marafa. Lakini asubuhi mapema majabali yale yanashika rangi vizuri sana, na vijana wanaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia.

Fischer's Tower ina urefu wa mita 25 hivi. Ukiipiga peke yake inaonekana kama kichuguu. Mwambie mtu asimame pale chini, na kama ana sweta ya bluu au ya manjano, ndipo utaona ukubwa wa jiwe lile.

Kuhusu korongo la Ol Njorowa, humo humo mbugani, nasema kwa uzito. Mafuriko ya ghafla yaliua watu humo mwaka 2012 na tena 2019. Mvua inaweza kunyesha mbali nanyi mko juani mnapiga picha, maji yakawakuta ndani. Waulizeni askari wa mbuga kabla ya kushuka, na wakisema hapana, iwe hapana.

Shangazi wa Lang'ata

Mama Tumaini, hilo la maji lisisitize. Mwanangu anaishi Arizona, Marekani, na alitupeleka korongo la Antelope Canyon. Huko ni ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, na huingii bila kiongozi wao. Mwaka 1997 watalii 11 walikufa maji mle, na mvua yenyewe ilikuwa imenyesha mbali.

Ila kuhusu saa, ndugu zangu, mambo huko yanapinduka. Sehemu ya juu ya korongo lile ni nyembamba mno, na miale ya jua inafika chini adhuhuri tu, hasa miezi ya kiangazi chao. Watu hugombania saa sita. Monument Valley, bonde la minara ya mawe mekundu, ndiko mnakosubiri jioni. Mimi na magoti yangu nilifurahi sana kule, kwa sababu mnazunguka kwa gari kwenye barabara ya vumbi ya kilomita 27 hivi. Kiongozi alitueleza kwamba wekundu ule ni chuma kilichomo ndani ya mawe, kimeshika kutu. Bebeni maji na mafuta ya midomo, hewa ya huko inakausha vibaya.

Baba Wawili, Donholm

Shikamoo Shangazi, umetufungua macho. Nina swali la simu: mbona wekundu unatoka kama machungwa mabivu?

Fundi Picha, Umoja

Simu inajaribu kung'arisha kila kitu, kaka. Gusa sehemu ya mwamba yenye mwanga mwingi, kisha ushushe mwangaza kidogo kwa kidole. Achana na vichujio. Na ufute lenzi kwa kitambaa laini kila mara, vumbi lile ni jembamba. Droni usibebe kiholela: hapa kwetu inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mbugani ni ruhusa nyingine kabisa.

Mama Tumaini, Kasarani

Naomba kuuliza pia, Baba Wawili. Nyanya yao ana miaka sabini na kitu, Marafa atashuka?

Baba Wawili, Donholm

Asishuke, mama. Juu panaonekana karibu kila kitu. Mbebee kiti cha kukunja na kofia pana, mmoja wenu akae naye, na kiti kiwe mbali na ukingo kwa sababu udongo ule unamomonyoka kila mvua zikija.