Tupeane uzoefu: Karata ulizozitupa kabla ya kuona za mwenzako

Jirani wa South B (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu mnaocheza poka ya mezani (ile ya karata mbili mkononi na tano za wote mezani), naomba tusimuliane yaliyotukuta wakati wa kufunua karata, hasa pale mtu alipozitupa zake kisha akagundua kwamba ndiye aliyekuwa ameshinda. Naanza na langu, kwa sababu bado linaniuma.

Tulikuwa watu saba nyumbani kwa rafiki yetu, na kazi ya kugawa ilikuwa ikizunguka. Mezani palikuwa na karata tatu za kopa, tisa ya shupaza na saba ya uru. Mimi nilishika tisa na saba, yaani jozi mbili. Mwenzangu aliweka shilingi 1,500 baada ya karata ya tano, nikamfuata, yaani nikaweka kiasi kilekile. Kabla hajafunua chochote akasema, "Flashi," kwa sauti ya mtu asiye na shaka hata kidogo, nami nikazisukuma karata zangu kifudifudi hadi zikafika chini ya kiganja cha mgawaji, ambaye alizichanganya papo hapo na zile zilizokwisha kutupwa. Ndipo mwenzangu akafunua malkia wa kopa na malkia wa uru. Chini ya ile balbu ya manjano aliziona zote mbili kuwa kopa, kumbe kopa zake pamoja na za mezani zilikuwa nne tu, na flashi inahitaji karata tano za aina moja; jozi zangu mbili zingeshinda.

Chipu za shilingi 8,400 zikaenda kwake. Mwenye nyumba aliamua kwamba tamko la mdomo halimpi mtu ushindi, lakini karata zangu hazikuwapo tena za kushindanishwa na zake. Nilikasirika usiku ule. Leo naona aliamua sawa, ila nataka kujua kwenu mambo haya huamuliwaje.

Mgawaji wa zamani, Parklands

Pole sana, ndugu yangu. Niligawa karata kasino hapa mjini kwa miaka sita, na kisa kama chako nimekiona mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kanuni za mashindano zinazofuatwa na wengi ni zile za TDA, chama cha wasimamizi wa mashindano kilichoanzishwa Marekani mwaka 2001. Kwa kanuni hizo, mchezaji akizisogeza karata zake mbele kifudifudi wakati wa kufunua, hazifi kwa kitendo hicho peke yake. Anaruhusiwa kubadili nia na kuzifunua, mradi zinaweza kutambulika kwa uhakika wa asilimia 100 na kurudishwa. Kinachoziua ni mkono wa mgawaji anapoziingiza kwenye rundo la zilizotupwa. Kwa hiyo zako zilikuwa hai kwa sekunde mbili au tatu, na laiti ungesema neno wakati zikiwa peke yake juu ya kitambaa, ungezipata.

Ndiyo maana sisi tulifundishwa kutokuwa na haraka. Mchezaji akitupa karata, niliziacha kwanza palepale zilipolala, nikazitazama zilizofunuliwa, nikazisoma kwa sauti, ndipo nikazivuta zilizoshindwa. Mgawaji anayefagia meza kabla ya kusoma huleta ugomvi ambao msimamizi hawezi kuutatua kwa haki, kwa kuwa ushahidi ameshauchanganya mwenyewe.

Dada wa Kilimani

Mimi kanuni iliniokoa. Katika mashindano madogo, nilizilaza karata zangu zote mbili chali, nikaamini nimeshindwa na jozi ya ree (au eisi, kama wengi wetu tunavyosema hapa Nairobi), nikaanza kuinuka. Mzee mmoja aliyekuwa amekwisha kujitoa katika mzunguko huo akasema, "Mama, hebu ngoja, hiyo si streti?" Ilikuwa streti kweli, karata tano mfululizo, tano hadi tisa, na mimi nilikuwa nimeiangalia sita yangu tu kwa sababu ilikuwa na jozi mezani. Mshindani wangu alilalamika kwamba mtu aliyejitoa hana ruhusa ya kusema. Msimamizi alieleza kwamba karata zikishafunuliwa zote husema zenyewe, na kwamba yeyote aliye mezani, awe amejitoa au la, anapaswa kusema akiona zimesomwa vibaya. Angalieni kwamba kama ningezitupa kifudifudi, yule mzee asingekuwa na cha kuona.

Mchezaji wa Ngong Road

Langu ni fupi. Nilifunua karata moja, ree, nikaificha nyingine kwa sababu niliona inatosha. Haikutosha. Mpaka zote mbili zilale chali, karata zako hazijahesabiwa kuwa zimefunuliwa.

Mwenye Sarafu, Buruburu

Nilikuwa nimekaa kiti cha kwanza, bega kwa bega na mgawaji. Nilikuwa bado nazilinda karata zangu kwa macho tu, nikisubiri wawili wengine wasomewe zao, mgawaji akazizoa pamoja na zilizokwisha kutupwa. Nilipinga, msimamizi akaitwa, na akanipa jibu gumu: ni wajibu wa mchezaji kuzilinda karata zake hadi mwisho, hata mgawaji anapokosea, na pesa nilizokwisha kufuata nazo hazirudi. Ningekuwa nimepandisha dau ambalo hakuna aliyelifuata, hilo tu ndilo ningerudishiwa. Tangu siku ile naweka juu ya karata zangu ile sarafu ya shilingi 40 iliyotolewa mwaka 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, na siiondoi mpaka chipu zimesukumwa kwangu au nimeona kwa macho yangu kwamba nimeshindwa.

Mchezaji wa Ngong Road

Swali kwa mgawaji. Je, Jirani wa South B angeweza kudai kuona karata za mwenzake kwanza, bila kuonekana mkorofi?

Mgawaji wa zamani, Parklands

Angeweza, na si ukorofi hata kidogo. Aliyeweka dau la mwisho ndiye wa kwanza kufunua, na aliyemfuata amelipia kuziona, maadamu bado ameshika zake au amezifunua. Akishazitupa kifudifudi haki hiyo hupotea. Nyumbani kanuni hutofautiana: kuna meza zinazoruhusu kuomba kuona hata karata zilizotupwa, na hapo mgawaji huzigusisha kwanza karata hizo kwenye rundo, kisha ndipo anazigeuza, ili kila mtu ajue kwamba zimekufa na zinaonyeshwa tu. Nawasihi mkubaliane kabla karata hazijagawiwa.

Dada wa Kilimani

Na mtu akiwa ameweka chipu zake zote?

Mgawaji wa zamani, Parklands

Katika mashindano, dau likiisha na mmoja ameweka zote, karata za wote waliobaki hufunuliwa mara moja, kwa hiyo nafasi ya kutupa haipo. Katika meza ya pesa taslimu, nyumba nyingi hazilazimishi.

Jirani wa South B (mwanzisha uzi)

Nashukuru sana. Yetu ilikuwa meza ya pesa taslimu. Nimemwomba mwenye nyumba aandike kwenye karatasi kwamba anayegawa asiguse karata zilizotupwa mpaka mshindi amefunua zote mbili, naye amekubali. Balbu pia amebadilisha.