Tupeane uzoefu: siku mchoro wako wa kwanza ulipofika karakanani

Wakuu, salaam. Mimi ni mhandisi mitambo, na kila mwaka napokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, wahandisi na wabunifu wa bidhaa. Wengi ni wakali wa hesabu na kompyuta. Ila mpe spana umwambie afungue alichokichora mwenyewe, anakukodolea macho. Sitaki tuwacheke, na mimi nilitoka huko huko. Kila mmoja aseme kisa kimoja kilichompata, na chuo kingefanya nini ili kisimpate.

Naanza. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kava la gia boksi lenye bolti sita za M8, yaani za unene wa milimita 8. Kwenye skrini hakuna kilichogusana na kingine, nikatamba. Siku ya kuunganisha, fundi akaniita. Hakunigombeza. Alinipa spana namba 13 akasema, "Karibu, kaza." Nne zikakaza. Ya tano spana iliingia lakini haikuzunguka, ukuta wa fremu ulikuwa upana wa kidole pembeni yake. Ya sita hata kuingia haikuingia. Nafasi ya bolti niliiweka, ya mkono wa mkazaji sikuiwaza kabisa. Siku hizi mwanafunzi wangu hagusi kompyuta wiki nzima ya kwanza, anakaa na mafundi anafungua na kufunga. Wengine wananuna, nawaacha wanune.

Mkereza
Mimi niko upande wa pili, nakereza vyuma mwaka wa kumi na nane huu. Mchoro wa kijana mpya unaujua kwa mbali: kila kipimo kina ±0.01, yaani kisizidi wala kupungua zaidi ya sehemu moja ya mia ya milimita, hadi tundu la kupitishia waya. Nilimuuliza mmoja kwa nini, akajibu, "Ili kiwe sahihi."

Sikilizeni. Shafti ya milimita 20 inayozunguka ndani ya bushi, ukiniandikia H7/g6, alama ya viwango vya tundu na shafti vinavyoingiana, nimekuelewa: tundu liwe kati ya 20.000 na 20.021, shafti kati ya 19.980 na 19.993. Hapo nakaa na maikromita yangu kwa heshima zote. Lakini ukingo wa bati usiogusana na kitu chochote, ±0.01 ya nini? Umenipa kazi ya asubuhi nzima badala ya nusu saa.

Halafu kona. Wanachora shimo la mraba ndani ya chuma, kona kali kama za sanduku. Kisu cha mashine ya kuchonga chuma (milling) kinazunguka, jamani! Kona ya ndani lazima ibaki na mviringo wa kisu. Siku tano tu za kusimama pembeni ya mashine zingetosha kumfundisha hilo.

Dada Mbunifu
Mkereza umenikumbusha mbali. Mimi nilisomea ubunifu wa bidhaa. Chuoni tulisifiwa kwa picha. Kazini nikachora chombo cha plastiki chenye kuta zilizosimama wima kabisa, nikakipenda. Mtengeneza kalibu, lile umbo la chuma la kumiminia plastiki, akauliza maswali mawili: kalibu inafungukia wapi, na chombo kitachomokaje? Sikuwa na jibu hata moja. Kuta zinatakiwa zilale kidogo, mara nyingi digrii moja au mbili, la sivyo plastiki inang'ang'ania chuma na kukwaruzika wakati wa kutoka. Kwa chombo kirefu, digrii hizo zinabadilisha sura nzima. Nilirudi kuchora upya, na nikiri kwamba nililia chooni.

Sasa hivi mimi ndiye ninayehoji waombaji kazi. Picha nzuri nazipitisha haraka. Naomba wanionyeshe mfano wa majaribio uliovunjika na waliporekebisha. Wengi wameshautupa, eti unaaibisha.

Toleo C
Nilituma kiwandani toleo B la mchoro, na toleo C lilikuwa limeshapitishwa. Vipande 200, vyote chakavu. Sina la kuongeza.

Mwalimu wa Mekanika
Naomba nipingane kidogo. Mnataka chuo kiwe karakana. Programu na mashine zinabadilika, misingi inabaki. Chukueni mkasa wa hoteli ya Hyatt Regency kule Kansas City, Marekani, Julai 1981. Kwenye usanifu wa awali, fimbo zile zile za chuma zilitoka darini zikabeba vijia viwili vya kupitia watu juu ya ukumbi, cha juu na cha chini. Ili kurahisisha utengenezaji, kila fimbo ikagawanywa mbili, kijia cha chini kikawa kinaning'inia kwenye kile cha juu. Mzigo kwenye kiungio cha fimbo na kijia cha juu ukawa mara mbili. Vijia vikaanguka, watu 114 wakafa. Hesabu hiyo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaimaliza kwa kalamu. Hakuna aliyeirudia baada ya mabadiliko.

Mwanzisha mada
Mwalimu, heshima yako. Lakini wanafunzi wako wamewahi kubadilishiwa kitu katikati ya kazi? Kwangu ndiyo maisha ya kila siku: mteja kabadili mota, mnunuzi kakosa chuma kile kaleta kingine.

Mwalimu wa Mekanika
Hapo umenipata, ila nimeanza. Wiki ya nane ya mradi nabadilisha sharti moja bila taarifa, mfano mzigo unaongezeka kwa theluthi. Mara ya kwanza, makundi mengi yalibadilisha namba kwenye ukurasa wa mbele tu. Viungio hawakuvigusa. Niliwarudishia kazi zote bila alama, wakaenda kunishtaki kwa mkuu wa idara.

Mwaka wa Tatu
Nimewasoma wote, mmenitisha. Mwezi ujao naenda kiwandani. Nisipojua kitu niulize, au nitaonekana kilaza?

Mkereza
Njoo kwangu na mchoro kabla sijafunga chuma kwenye mashine. Niulize, "Fundi, hiki utakishikaje?" Utashangaa nitakavyoongea. Ukija chuma kimeshakatwa, hapo usiniulize kitu.

Mwanzisha mada
Na uvae viatu vya kazi, vile vyenye chuma mbele. Wa mwaka jana aliripoti na ndala.