Nafasi nne katika tangazo moja la idara ya sayansi ya kompyuta: niombe ipi?

Mwanagenzi (mleta mada)

Habari zenu, wanajukwaa. Naomba mawazo ya wale waliokwisha kuajiriwa, au waliokwisha kuajiri, katika idara za sayansi ya kompyuta vyuoni.

Nimemaliza shahada ya uzamili mwaka huu. Tasnifu yangu ilihusu utambuzi wa mashambulizi katika mitandao ya kompyuta kwa mbinu za kujifunza kwa mashine, yaani kuifanya kompyuta ijifunze kutokana na data. Juma lililopita nilikutana na tangazo la idara moja lililobeba nafasi nne kwa pamoja: mhadhiri msaidizi, mtafiti msaidizi katika mradi wa usalama wa mitandao, mwanafunzi wa uzamivu mwenye ufadhili katika mradi huohuo, na mhandisi wa programu za utafiti. Sifa zinazotakiwa zinafanana kiasi kwamba ukiyafunika majina ya nafasi huwezi kujua ipi ni ipi. Zote zinataka shahada ya uzamili au inayolingana nayo, zote zinataka uwezo wa kuandika programu, na zote zinasema mwenye machapisho atafikiriwa zaidi.

Kwanza, naomba kuelewa tofauti ya kweli kati ya nafasi hizi, maana tangazo halinisaidii. Pili, je, ni busara kuomba zote nne, au nitaonekana mtu asiyejua anachokitaka? Tatu, nimwandikie profesa mwenye mradi kabla ya kutuma maombi? Mwisho ni jambo linalonikosesha usingizi: nina makala moja tu, nayo ilitoka katika warsha iliyoambatana na kongamano. Ndugu yangu mmoja aliyesomea fani nyingine ameniambia kwamba makala ya mikutano si kitu mbele ya kamati ya ajira, na kwamba bila jarida nisijisumbue.

Mzee wa Kamati

Ndugu Mwanagenzi, nimekaa katika kamati za usaili kwa miaka kadhaa, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uyaache majina ya vyeo uutafute mstari unaosema fedha zinatoka wapi na mkataba ni wa muda gani. Cheo huandikwa na ofisi ya utumishi, lakini kazi utakayoifanya kila siku huamuliwa na mfuko unaokulipa.

Mhadhiri msaidizi kwa kawaida hulipwa na bajeti ya chuo kwa sababu kuna wanafunzi wanaopaswa kufundishwa. Hata tangazo likipamba utafiti namna gani, kitakachohesabiwa kwanza ni vipindi, maabara na mitihani ya kusahihishwa, na utafiti wako utafanyika katika muda utakaoupigania. Mtafiti msaidizi hulipwa na ruzuku ambayo mtafiti mkuu aliiomba kwa mfadhili. Ruzuku hiyo ina tarehe ya kuisha na ina matokeo yaliyokwisha kuahidiwa kabla hujafika, kwa hiyo usitegemee kuchagua swali la utafiti, wala usitegemee mkataba utakaoishi kuliko ruzuku yenyewe. Mwanafunzi wa uzamivu katika mradi hulipwa na fedha ileile, ila yeye ana deni la pili la kuandika tasnifu, na madeni hayo mawili hayaendi pamoja sikuzote. Hapo ndipo penye swali ambalo waombaji wengi huona haya kuuliza: ikiwa ruzuku ni ya miaka 3 na uzamivu katika idara hiyo huchukua miaka 4 au zaidi, mwaka uliobaki utalipwa na nani?

Tangazo hubeba pia desturi za nchi linakotoka. Ujerumani, wanafunzi wengi wa uzamivu katika fani yetu ni waajiriwa wa chuo, na tangazo huandika ngazi ya mshahara, mara nyingi TV-L E13, ikifuatwa na asilimia. Asilimia hiyo ni sehemu ya saa za kazi unazolipwa, kwa hiyo nafasi ya asilimia 50 na nafasi ya asilimia 100 ni maisha mawili tofauti ingawa jina ni moja. Marekani, nafasi ya uzamivu kwa kawaida haitangazwi kama kazi. Unaomba kudahiliwa na idara, nyingi zikifunga dirisha katikati ya Desemba, na ukikubaliwa hupewa usaidizi wa kufundisha au wa utafiti unaolipia ada na kukupa posho. Vyuo vilivyoridhia makubaliano ya Baraza la Shule za Uzamili la huko havipaswi kukulazimisha kujibu ahadi ya ufadhili kabla ya tarehe 15 Aprili, na ni vyema kulijua hilo mtu anapokuharakisha. Miradi ya Umoja wa Ulaya inayobeba jina la Marie Skłodowska-Curie ina sharti la uhamaji: mwombaji asiwe ameishi au kufanya shughuli zake kuu katika nchi ya chuo kinachomwajiri kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Nimesoma maombi mazuri sana ambayo hatukuweza kuyagusa kwa sababu ya mstari huo mmoja.

Kuhusu makala, ndugu yako anasema kweli ya fani yake. Kwetu, makongamano makubwa hupitia makala kamili kabla ya kuzikubali na hukataa nyingi kuliko yanazopokea, ndiyo maana NeurIPS na ICML katika kujifunza kwa mashine, au SIGCOMM katika mitandao, huheshimiwa sawa na majarida mazuri na pengine kuyapita. Hata hivyo, warsha iliyoambatana na kongamano si kongamano lenyewe, na naomba uiandike katika wasifu wako kwa jina lake kamili. Tuliwahi kumpata mwombaji aliyelifuta neno "warsha". Mjumbe mmoja alifungua dblp, orodha ya mtandaoni ya machapisho ya sayansi ya kompyuta, akakuta ukweli kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia kuandika sentensi hii, na tangu hapo hakuna aliyeyaamini hata yale mengine ambayo yalikuwa kweli tupu. Warsha yenyewe isingemwangusha.

Tahadhari moja: ziko taasisi ambazo kanuni zake za kupandisha vyeo huhesabu majarida kwa alama, na hapo kamati hufungwa mikono hata kama wajumbe wote wanaijua thamani ya kongamano. Kwa nafasi ya mhadhiri msaidizi, tafuta kanuni hizo uzisome mapema.

Ama kuomba zote nne, sioni ubaya, mradi kila barua iwe imeandikwa kwa ajili ya nafasi yake.

Bundi wa Maabara

Naheshimu maneno ya Mzee, ila katika hilo la mwisho natofautiana naye. Idara si kubwa kama tunavyodhani. Mtu anayesoma maombi ya mtafiti msaidizi huenda ndiye anayesoma ya uzamivu, na akikuta katika barua moja umeandika kwamba kufundisha ndiko wito wako na katika nyingine kwamba unachotaka ni utafiti mtupu, ataamini kwamba zote mbili ni maneno ya kupendeza tu. Nafasi mbili za mradi mmoja zinaweza kuombwa kwa barua mbili zinazotajana waziwazi: "Nimeomba pia nafasi ya uzamivu, nayo ndiyo ninayoitaka zaidi." Hiyo ni heshima, na humrahisishia kazi anayechagua.

Kuhusu kumwandikia profesa, mimi niko mwaka wa tatu wa uzamivu na nilijifunza kwa kuumia. Barua zangu kumi na tisa za kwanza zilikuwa barua moja iliyobadilishwa jina la mpokeaji, na hakuna hata moja iliyojibiwa. Ya ishirini niliiandika baada ya kupakua msimbo (maandishi ya programu) wa makala yao na kuuendesha, nikakuta kwamba matokeo ya jedwali moja hayarudi ukitumia toleo jipya la maktaba ya programu waliyoitegemea. Nilieleza nilichofanya kwa aya mbili, nikaambatisha marekebisho, nikauliza swali moja kuhusu data waliyoitumia kufunza modeli. Jibu lilikuja siku ileile. Sikuwa na akili zaidi kuliko nilipoandika zile kumi na tisa, ila safari hii profesa alikuwa na kitu cha kujibu.

Angalia tu kwamba ruhusa hiyo ni ya nafasi za utafiti. Kwa nafasi ya mhadhiri, kuwaandikia wajumbe wa kamati mmoja mmoja kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kushawishi, na baadhi ya matangazo husema wazi kwamba anayefanya hivyo ataondolewa. Huko mwandikie yule tu ambaye tangazo limemtaja.

Fundi Msimbo

Naona nafasi ya nne imepitwa kimya, kama ilivyo kawaida yake. Mimi ndimi mhandisi wa programu za utafiti katika idara moja, kwa hiyo niruhusuni niizungumzie.

Kada hii ni changa: jina lake lilianza kutumika Uingereza mwaka 2012, na hadi leo ziko idara zinazotangaza kazi hii kwa majina ya zamani kama fundi sanifu wa maabara au msaidizi wa utafiti. Kazi yenyewe ni kuuchukua msimbo ambao mtafiti aliuandika usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya kutuma makala na kuufanya uwe programu ambayo mtu mwingine anaweza kuisakinisha, kuipima na kuiamini. Kwa sababu hiyo, katika usaili hatukuulizi sana juu ya machapisho. Tunafungua hazina yako ya msimbo, yaani mahali unapohifadhi programu zako, na kutazama kama kuna majaribio, kama maelezo ya usakinishaji yanafanya kazi kwenye mashine isiyo yako, na kama historia ya mabadiliko inasomeka. Wapo waombaji wenye hazina arobaini zilizoachwa nusu njia, na kwetu hao huwa nyuma ya mwenye hazina moja anayoitunza. Katika usaili wangu nilipewa kurasa tatu za msimbo wenye kosa, nikaambiwa nisilirekebishe bali nieleze ningeanza kulitafuta wapi na kwa nini.

Uchungu wake pia usifichwe. Katika idara nyingi ngazi ya kupanda vyeo ama haipo ama inaishia katika kipandio cha pili. Uliza waziwazi kama jina lako litaingia katika orodha ya waandishi wa makala zinazotegemea programu utakayoijenga, kwa maana mazoea ya kukushukuru katika tanbihi hayatakusaidia ukitaka kuhama. Na ikiwa moyo wako uko kwenye uzamivu, usiichukue nafasi hii kwa matumaini ya kupenyeza tasnifu jioni. Nimeona wawili wakijaribu, na wote walipoteza vyote viwili.

Niongeze dogo kwa faida ya wasomaji wengine. Idara ya kweli haikutozi fedha ili iyapokee maombi yako ya kazi. Ada ya kuomba udahili wa masomo ipo katika vyuo kadhaa na ni halali, lakini anayekuomba malipo ya "kuandaa mkataba wa ajira" mwache, hata kama nembo ya chuo imechorwa vizuri kiasi gani.

Mwanagenzi (mleta mada)

Nawashukuru nyote kwa moyo wa dhati. Nilimwandikia mtu aliyetajwa katika tangazo, nikauliza habari za ruzuku kama Mzee alivyoelekeza, na jibu limenifungua macho. Ruzuku ni ya miezi 36, na tayari imeliwa miezi 10. Uzamivu katika idara hiyo huhesabiwa kuwa wa miaka 4. Ameandika kwamba kipindi kitakachobaki "kwa kawaida hufidiwa kwa kazi za kufundisha". Neno hilo "kwa kawaida" sijui nilipime vipi. Nimeamua kuacha nafasi ya mhadhiri msaidizi na ile ya uhandisi, nikaombe uzamivu pamoja na utafiti msaidizi kwa barua zinazotajana, kama Bundi alivyosema.

Mzee wa Kamati

Ukizihesabu takwimu hizo, itabaki miezi 26 ya fedha kwa kazi ya miezi 48, tena ukianza kazi kesho, jambo ambalo halitatokea, kwa kuwa mchakato wa ajira peke yake hula miezi kadhaa. "Kwa kawaida" ni neno la mtu mkweli asiye na mamlaka ya kuahidi. Anayeweza kuahidi ni mkuu wa idara, kwa hiyo ukifika hatua ya kupewa nafasi, na si kabla, omba barua ya idara inayotaja saa za kufundisha kwa juma katika kipindi hicho na malipo yake. Uliza pia utasimamiwa na nani iwapo profesa atahamia chuo kingine, kwa sababu ruzuku nyingine humfuata mtafiti mkuu na nyingine hubaki chuoni.

Bundi, nimekubali kosa langu kuhusu barua nne. Nilikuwa nawaza idara kubwa.

Mwanagenzi, waarifu leo hii watu watakaokuandikia barua za mapendekezo, uwape tangazo lenyewe na tasnifu yako. Mdhamini aliyearifiwa siku mbili kabla ya mwisho huandika kwamba ulikuwa mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu, na barua za namna hiyo ninazo kabati zima.