Daktari wa kwanza mwanamke kufika kwenu alikuwaje? Tupeane uzoefu

Bin Kiunga
Salamu wanajukwaa. Juzi nimempeleka mama kliniki ya presha hapa Mombasa, tukapangiwa daktari msichana. Mama akacheka kimoyomoyo, akaninong'oneza: "Huyu angekuja kwetu zama zile angeitwa Mama Daktari wa pili."

Kwa wasiomjua wa kwanza: Anne Spoerry, Mfaransa aliyezaliwa 1918. Aliwahi kuwa daktari wa mashambani huko Ol Kalou. Akajifunza urubani akiwa na miaka arobaini na kitu, na 1964 akajiunga na madaktari wa ndege wa AMREF, shirika la afya la Afrika. Ndege alikuwa akiirusha mwenyewe. Turkana, Marsabit, visiwa vya Lamu hadi kwetu Kiunga, mpakani na Somalia, kote alitua. Akafanya hivyo mpaka uzeeni. Alifariki Februari 1999, miaka 80 na ushei.

Lakini mama hasimulii habari za ndege. Anasimulia kwamba kabla ya hapo, mwanamke akiugua ugonjwa wa ndani, mumewe ndiye aliyekwenda kumweleza mganga wa zahanati. Mke yuko nyumbani, mume anaeleza maumivu asiyoyajua, anarudi na vidonge. Bibi yangu aliugua hivyo miaka miwili. Siku alipojua kwamba daktari anayeshuka ni mwanamke mwenzake, alitoka na buibui lake akaenda kwa miguu, hakumsubiri mtu amwelezee.

Kwenu ilikuwaje?

Mdigo wa Pangani
Kwetu ilikuwa kinyume, mkuu. Wanawake walifurahi, wanaume ndio tuliokimbia. Unajua pwani yetu na mabusha. Baba alikuwa nalo miaka na miaka, kanzu inamsitiri. Ikaja kampeni ya upasuaji wa bure hospitali ya wilaya, wazee wakajiandikisha wengi tu. Asubuhi kufika, mpasuaji ni binti! Nusu ya foleni ikakumbuka kwamba ina shughuli shambani.

Baba alibaki kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na nauli ya kurudi. Akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Mwanangu, mimi nilale mbele ya mjukuu?" Yule daktari hata hakuinua kichwa kwenye makaratasi: "Mzee wangu, nimekuja kutibu busha, sikuja kuolewa na mwenye nalo." Benchi zima likaangua kicheko.

Dokta wa Bara
Hahaha, huyo dada namwelewa. Mimi nilikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mganga mfawidhi kwenye kituo fulani cha afya, sikitaji. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikimaliza kumpima mtu, nimeandika dawa, ananiuliza kwa upole, "Sasa nesi, daktari anakuja saa ngapi?" Nikaacha kusahihisha.

Kilichonipa jina ni usiku mmoja wa mvua. Waliletwa watu wamebeba machela ya miti, mama mwenye uchungu wa siku ya pili, mtoto amelala kiubavu. Gari la wagonjwa limekwama wilayani, jenereta haina dizeli. Aliyemleta ni mkunga wa jadi, bibi ambaye semina zote zilinifundisha nimwone kama tatizo. Lakini ndiye aliyekubali kwamba limemshinda, akawashawishi wakwe usiku ule watoke. Tulinyonya dizeli kwenye trekta la mfanyabiashara mmoja. Walimu watatu wa shule ya msingi walipimwa damu, mmoja akalingana. Nilipasua huku mhudumu ameshika tochi kwa tahadhari, maana jenereta ilikuwa ikikohoa.

Mama na mtoto wazima. Tangu siku ile yule bibi alikuwa akinitumia wajawazito mapema, kila mmoja na salamu: "Huyu kiuno chake sikipendi." Mara nyingi alikuwa sahihi. Kuku nililetewa wengi, nikashindwa kuwafuga.

Msomaji Kimya
Bin Kiunga, mbona hujamaliza ya Spoerry? Alikamatwa 1943 kwa kuwa kwenye upinzani dhidi ya Wajerumani, akafungwa Ravensbrück, kambi ya Wanazi ya wafungwa wanawake huko Ujerumani. Baada ya vita wafungwa wenzake walimtuhumu kwamba aliwatesa wagonjwa kwenye jengo lao. Hayo nayo tuyaseme.

Bin Kiunga
Ni kweli, na mwenyewe hakupenda kabisa kuyazungumzia. Nilimsomea mama. Alinyamaza muda mrefu, akauliza kama wale wanawake waliotuhumu waliwahi kusikilizwa vizuri. Kisha akasema bibi alitibiwa, hilo hawezi kulifuta, na la wenzake wa huko pia si la yeye kulifuta. Mimi sina la kuongeza.

Mama Wawili
Mimi langu fupi. Kwetu Singida alikaa mmoja miezi minane tu, akahamishwa. Nyumba yake ya kituoni ilikuwa inavuja, maji unanunua kwa ndoo, na mumewe yuko Dodoma. Tulimlaumu kwa kuondoka. Sasa nimezaa, namwelewa.

Dokta wa Bara
Mdigo, hukumalizia. Mzee alipasuliwa?

Mdigo wa Pangani
Alipasuliwa, akapona, anatembea kama kijana. Sasa yeye ndiye anayewasindikiza wenzake hospitali. Ila haingii ndani, anasema yule binti asije akamkumbuka.