Hivi kwanini uchaguzi wa mitaa hauna tarehe maalum?

mpangaji_tandale
Wakuu habari za mchana. Hivi kwanini uchaguzi wa serikali za mitaa tusiwekewe tarehe kwenye sheria tukaijua miaka yote? 2009 tulipiga kura Oktoba 25, 2014 ikaenda Desemba 14, 2019 Novemba 24, halafu 2024 Novemba 27 na safari hiyo ikawa Jumatano wakati zote hizo za nyuma ni Jumapili. Kila awamu tunasubiri waziri wa TAMISEMI, yule wa tawala za mikoa na serikali za mitaa, atangaze. Mwenyekiti wa mtaa ndo anatugongea muhuri wa barua ya dhamana, ya benki, ya kitambulisho cha NIDA, ila siku ya kumchagua tunaisikia kwenye taarifa ya habari. Wakenya imeandikwa kwenye katiba, Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, biashara imeisha.

Babu wa Buza
Mkuu Kenya hiyo Jumanne wanachagua kuanzia rais mpaka mwakilishi wa wadi. Na sisi tuunganishe tu na ule wa diwani na rais, tuokoe hela.

mama_kivule
Ukiunganisha mtaa unamezwa, nani ataongelea mtaro uliojaa taka wakati watu wako bize na urais? Ubaki kivyake ila tarehe ijulikane. Halafu kinachotuumiza wapangaji ni daftari la wapiga kura. 2024 la wakazi liliandikishwa Oktoba 11 mpaka 20, siku kumi basi, na kuwa kwenye lile la kudumu la Tume ya Uchaguzi hakukusaidii kitu. Sasa mtu kodi imeisha Septemba kahama Manzese kaja huku, mjumbe hamjui, anajiandikisha wapi? Angejua tarehe toka mwaka jana angejipanga. Kwetu majina yaliandikwa kwa mkono yakabandikwa ukutani nje, vuli ikapiga usiku, asubuhi tunakuta wino wa bluu umetiririka mpaka chini watu wanabishana hii ni Asha au Aisha 😂

kuli_msomi
Tarehe mnaikuza bure. 2019 ilitangazwa na kila mtu akaijua, ila wagombea wa upinzani walienguliwa kibao mpaka vyama vikajitoa. Shida ni nani anasimamia.

mpangaji_tandale
Kuli hapo sikupingi, lakini anayesimamia ndo huyohuyo anayepanga siku. Mnyang'anye moja kwanza. Mi ningeandika Jumatano ya mwisho ya Novemba.

mama_kivule
Novemba kidato cha nne wako kwenye mtihani na vituo vingi ni shule.

Babu wa Buza
Basi Septemba, hata mvua hakuna.

mama_kivule
Septemba darasa la saba nao wana mtihani babu 😂

kuli_msomi
Si mrudishe Jumapili tu, mtihani gani wa taifa unafanywa Jumapili? Na sisi wa Kariakoo Jumatano hata iwe mapumziko mzigo ukishuka unaubeba.