Binti yangu wa miaka minne ameongezeka uzito tangu tuhame. Nianzie wapi?

Mama Wawili:
Ndugu zangu, naomba ushauri. Hadi mwaka jana uzito wa binti yangu ulikuwa ukienda sambamba na urefu wake, lakini tangu tuhamie ghorofa ya nne kando ya barabara kuu amenenepa, na kliniki iliyopita alama yake ilivuka mstari wa +2 kwenye chati ya ukuaji inayolinganisha uzito na urefu. Tulikotoka kulikuwa na ua, akishinda nje na watoto wa jirani. Hapa magari hayapungui wala hakuna njia ya waendao kwa miguu. Sisi wazazi hurudi jioni, hivyo hushinda na mama mkwe wangu, runinga ikiwaka tangu asubuhi. Akilia hupewa kitu kitamu, na akibakiza chakula huambiwa amalize sahani. Mume wangu anasema ni damu ya kwao. Nimefikiria kumpunguzia chakula, ila naogopa kumdhuru.

Muuguzi wa Watoto:
Usimpunguzie chakula, dada. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, kuvuka mstari wa +2 ni uzito uliozidi na kuvuka +3 ni unene uliokithiri. Kwa hiyo jambo hili ni la kushughulikiwa, si la kutia kiwewe. Mara nyingi katika umri huu hatulengi mtoto akonde, bali uzito upunguze kasi ili urefu uufikie. Mpimeni tena kliniki, maana kosa dogo la kupima urefu hubadilisha alama.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne apate angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kwa siku, 60 kati ya hizo ziwe za kumtoa jasho, asikae mbele ya runinga au simu zaidi ya saa moja, na alale saa 10 hadi 13 kwa siku. Usingizi watu huusahau, ilhali mtoto asiyelala vya kutosha huelekea kutaka kula zaidi. Mwanao analala saa ngapi?

Bibi wa Wajukuu Saba:
Mwanangu, wengi wetu tulilea wakati ambapo mtoto mwembamba alikuwa mtoto wa kuhofiwa, kwa hiyo sahani iliyobaki hutusononesha kweli. Mama mkwe wako hamharibu mjukuu. Anampenda kwa njia anayoijua. Maneno ya kumwomba abadilike ayaseme mwanawe, yaani mumeo, si wewe. Tena msimnyang'anye kitamu bila kumpa cha kumtulizia mtoto, kwa sababu magoti yake huenda hayamruhusu kumkimbiza.

Mpangaji Miji:
Kuhusu mtaa, Marekani ilifanya jaribio kati ya 1994 na 1998 katika miji mitano, ikiwemo Chicago na Boston, ambapo familia za mitaa yenye umaskini mkubwa zilichaguliwa kwa bahati nasibu na baadhi zikapewa hati za kusaidiwa kodi ya nyumba ili zihamie mitaa yenye umaskini mdogo. Zaidi ya miaka kumi baadaye, unene wa kupindukia na kisukari vilikuwa vichache kiasi kwa wanawake waliopewa nafasi hiyo. Hao ni watu wazima, na tofauti haikuwa kubwa mno, lakini damu zao hazikubadilishwa na bahati nasibu hiyo. Mumeo hajakosea kabisa: urithi upo, ila barabara isiyopitika kwa mtoto huupa nafasi.

Baba wa Mapacha:
Kwa heshima, barabara hutaihamisha. Nasi tunaishi ghorofani. Wazazi wa nyumba nne tulipanga zamu ya kuwapeleka watoto wote uwanjani jioni, na siku za mvua hucheza mpira wa matambara kwenye korido, jambo ambalo jirani wa chini hajalifurahia.

Mama Wawili:
Nawashukuru nyote. Nimehesabu: runinga ilikuwa ikiwaka saa sita kwa siku, na mtoto alikuwa akilala saa nne usiku akitusubiri, kisha akiamshwa saa kumi na mbili asubuhi. Hilo la usingizi sikuwahi kulihusisha na uzito. Mume wangu amezungumza na mama yake, na sasa runinga huzimwa baada ya chakula cha mchana. Suala la sahani bado gumu; jana nilisikia "kijiko kimoja tu cha bibi", nikanyamaza. Kliniki ni mwezi ujao, nitawajulisha.