Vinka za nyumbani: ulizitambuaje, na unazifurahia vipi? Tupeane uzoefu

Mama_Mamboleo: Wadau, habari za jioni. Hapa kwetu Kisumu kuna ua limejiotea kwenye ufa wa veranda, pale simiti inapokutana na ukuta. Petali tano za waridi, na katikati kijicho chekundu. Jirani mmoja ananiambia hiyo ni vinka. Mwingine anabisha, eti vinka ni ile ya buluu inayotambaa. Mwenye nayo kwake atuambie aliijuaje.

Kitalu_Kondele: Wote wawili wako sawa, ni mimea miwili ya ukoo mmoja. Yako asili yake ni Madagaska, kitaalamu Catharanthus roseus. Tazama majani: yanakaa mawili mawili yakielekeana, yanang'aa, na mshipa wa katikati umepauka. Vunja kijiti utaona utomvu mweupe. Ua likishadondoka, subiri maganda mawili membamba yaliyosimama bega kwa bega. Yakikauka hupasuka upande mmoja na kumwaga mbegu nyeusi ndogo sana. Sisimizi huzibeba, ndiyo maana unaikuta imeota mahali ambapo hakuna aliyepanda.

Baba_Kiamunyi: Ile ya buluu ninayo mimi hapa Nakuru. Ni Vinca major, imetoka kusini mwa Ulaya, na baridi ya huku juu inaipenda. Haina jicho jekundu. Petali zake zimekatwa mshazari kama mabawa ya pangaboi, na ua hukaa moja moja kwenye kikonyo chake. Shina likigusa udongo linatoa mizizi, kwa hiyo wekeni mpaka wa mawe mapema, la sivyo mtaisahau rangi ya nyasi. Ya Madagaska huku kwetu hunyong'onyea Julai, majani yanakuwa manjano. Ni mmea wa jua, si wa sweta.

Nyar_Ahero: Jua tunalo la kugawa! Shida yetu ni udongo mweusi, mvua ikinyesha maji yanasimama na mizizi inaoza. Mama mkwe wangu huipanda kwenye sufuria zilizotoboka, udongo umechanganywa na mchanga, amezipanga kandokando ya njia ya kuingilia. Kiangazi kikikausha kila kitu, hizo bado zinachanua. Na mbuzi wa jirani, ambao hawana heshima kwa sukuma ya mtu, wanazipita tu. Ni chungu.

Shemeji_Butere: Kukhu wangu, yaani bibi, huchemsha majani yake, anasema yanashusha sukari.

Muuguzi_Kakamega: Nilijua hili litakuja. Tafadhali mzuie. Mmea huu ni sumu ukiliwa au kunywewa. Sifa hiyo ya kisukari ndiyo iliyowafanya watafiti wa Kanada, Robert Noble na Charles Beer, waupime miaka ya 1950. Walichokuta ni kwamba unapunguza chembe nyeupe za damu. Hapo ikapatikana dawa iitwayo vinblastini, kisha watafiti wa Marekani wakatoa vinkristini, inayotibu saratani ya damu kwa watoto tangu miaka ya 1960. Lakini hizo ni dawa za sindano ya mshipani, zinapimwa kwa miligramu chache, na damu ya mgonjwa inafuatiliwa. Kikombe cha majani yaliyochemshwa hakina kipimo. Mpeleke Kukhu kliniki apimwe sukari, maua ayaangalie kwa macho.

Shemeji_Butere: Sawa sista, nitampigia leo. Atanigombeza, lakini nitampigia.

Dada_Nyalenda: Mimi raha yangu ni uvivu wake. Ua likichoka linajidondosha lenyewe, huhangaiki kukata yaliyokauka. Asubuhi nafagia, jioni kuna mapya. Vipepeo wenye ulimi mrefu ndio wanaoufaidi mrija wake, maana tundu ni finyu sana. Binti zangu huyachuma na kuyachomeka moja ndani ya jingine, mrija wa hili kwenye jicho la lile, hadi wapate bangili. Nawaachia, ila kabla ya chakula lazima wanawe mikono. Nani ana nyeupe tupu isiyo na jicho jekundu? Nitatoa mbegu za waridi.

Kitalu_Kondele: Ninayo, katikati ina umanjano kidogo tu. Njoo na kopo lako. Na hizo mbegu ukizimwaga uzifunike na udongo kidogo, huota vizuri gizani.